Mti Ulioshika Chuma: Historia ya Kitako cha Bunduki kutoka Pwani hadi Uasin Gishu

Mji wa Eldoret, ambao wenyeji wake wa mitaa kama West Indies, Langas na Kapsoya bado huuita Sixty-Four kwa kukumbuka namba ya shamba ambalo juu yake ulijengwa, umefungamana na silaha kwa namna ambayo miji mingi ya Kenya haikufungamana nazo. Ni mjini humo ambamo waajiriwa wapya wa jeshi hufundishwa kabla ya kugawiwa vikosi, na ni nje kidogo ya mji huo ambako serikali iliweka kiwanda chake cha risasi katika miaka ya 1990, chini ya shirika la umma lililoundwa mwaka 1997. Hata hivyo, historia ya silaha za eneo hili imezoea kuandikwa kwa jicho lililokazwa kwenye chuma, yaani mtutu, risasi na namba ya usajili, huku sehemu ya mbao ikipitwa kana kwamba ni mpini wa jembe. Sehemu hiyo inastahili kuangaliwa upya, kwa kuwa katika bunduki nzima iliyotoka ng'ambo, mbao ndiyo sehemu kuu ambayo fundi wa Afrika Mashariki aliweza kuitengeneza, kuiziba, kuing'arisha na hata kuibadilisha yote bila kuagiza chochote Ulaya.

Kitako, kwa maana pana inayotumika hapa, ni mti wote unaobeba bunduki: sehemu ya nyuma inayoegemezwa begani, shingo nyembamba inayoshikwa na mkono wa kulia, na mti wa mbele unaolala chini ya mtutu na kuukinga mkono wa kushoto usiunguzwe na joto. Kazi ya mti huu si kushikilia chuma tu. Bunduki inapofyatuliwa hurudi nyuma kwa teke kali, na teke hilo hupokelewa na nyuso chache za mbao zilizochongwa zikaumana sawasawa na chuma. Nyuso hizo zikilegea hata kwa upana wa kucha, chuma huanza kucheza ndani ya mti, na risasi haiendi tena pale ilipoelekezwa.

Bunduki za kwanza kuingia bara kwa wingi zilipitia Unguja na bandari za Mrima, yaani pwani ya bara inayoikabili Unguja. Zilikuwa za kushindiliwa baruti kwa mdomo wa mtutu, zile ambazo hadi leo Watanzania huziita magobori, na nyingi zilikuwa zimekwisha kutumika katika majeshi ya Ulaya, ambayo kuanzia miaka ya 1860 yalikuwa yakiziacha na kununua bunduki za kupakiwa kwa nyuma. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza mjini Unguja, Euan-Smith, alikadiria kwamba kati ya bunduki 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia bara kila mwaka kupitia pwani hiyo, na ni makadirio ya namna hiyo yaliyochangia kuzaliwa kwa Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890, uliopiga marufuku silaha za kisasa katika ukanda wa Afrika ulio kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini mwa ikweta, lakini ukaziachia nafasi bunduki za gumegume zisizo na mifuo ndani ya mtutu. Matokeo yake ni kwamba silaha kuukuu ndizo zilizoendelea kubaki mikononi mwa watu, na silaha kuukuu huhitaji fundi.

Fundi huyo, awe wa Unyamwezi, wa Buganda au wa miji ya pwani, alikabiliwa na tatizo moja lililojirudia, nalo ni kuvunjika kwa shingo. Hapo ndipo mti unapokuwa mwembamba, ndipo nyuzi zake hukatwa na pinda la kitako, na ndipo uzito wote hujikusanya bunduki inapoanguka au mchukuzi anapoitumia kama fimbo ya kupandia mlima. Dawa iliyotumika sana ilikuwa ngozi mbichi, ambayo hulowekwa, ikazungushwa ikiwa imevutwa kwa nguvu juu ya ufa, ikashonwa, kisha ikaachwa ikauke. Ikikauka hujikaza na kushika kuliko waya, na bunduki iliyofungwa hivyo huweza kudumu miaka. Pale ambapo mti ulikuwa umekufa kabisa, kilichongwa kitako kipya kwa mti wa kienyeji. Uchaguzi wa mti haukuwa jambo la kubahatisha, kwa sababu mpingo ni mzito mno na mwerezi wa milimani hupasuka upesi, ilhali mninga, unaojulikana kwa kutotanuka wala kusinyaa sana hali ya hewa inapobadilika, una sifa karibu zote ambazo mtengenezaji wa bunduki wa Ulaya alizitafuta katika mjozi. Kwa upande wa pwani, hasa katika bunduki ndefu za Kiarabu, kitako kilikuwa pia pambo, kikafungwa pete za fedha na kupambwa kwa namna iliyoonyesha cheo cha mwenye nacho.

Uasin Gishu iliingia katika historia hii kwa njia nyingine. Mwaka 1908 msafara wa Makaburu ulioongozwa na Jansen van Rensburg uliondoka Nakuru kwa magari ya kukokotwa na maksai, ukapanda uwanda huo na kufika karibu na kilima cha Sergoit mwezi Oktoba, katika nchi ambayo Wanandi walikuwa wamevunjwa nguvu miaka mitatu tu kabla, baada ya kuuawa kwa kiongozi wao Koitalel arap Samoei tarehe 19 Oktoba 1905. Wengi wa watu hao walikuwa wamepitia vita vya Afrika Kusini vilivyokwisha mwaka 1902, na katika vita hivyo silaha yao mashuhuri ilikuwa Mauser ya Kijerumani, ambayo wapiganaji waliipenda kiasi cha kuchonga majina yao kwenye kitako, mazoea ambayo yamewawezesha wanahistoria kutambua wamiliki wa bunduki kadhaa zilizobaki. Mauser ilikuwa na mti mmoja mrefu kuanzia begani hadi karibu na mdomo wa mtutu. Uzuri wa mti mmoja ni uimara, lakini ubaya wake ni kwamba shingo ikivunjika mti wote umepotea.

Bunduki ya Waingereza, Lee-Enfield, ambayo ndiyo iliyokuja kuwa bunduki ya askari wa Kenya kwa zaidi ya nusu karne, ilijengwa kwa fikra tofauti. Mti wake umegawanywa: kitako cha nyuma ni kipande cha peke yake kinachoingia katika soketi ya chuma na kukazwa kwa bolti ndefu inayopita ndani yake kwa urefu, mti wa mbele ni kipande cha pili, na juu ya mtutu kuna vifuniko viwili vya mbao. Mpangilio huo uliokoa mbao, kwa kuwa vipande vifupi visivyo na kasoro hupatikana kwa urahisi kuliko ubao mrefu, na uliruhusu pia kitako kutolewa kwa vipimo mbalimbali. Askari mfupi alipewa kitako kifupi kilichopigwa mhuri wa herufi S, mrefu alipewa chenye herufi L, na kwa wafupi zaidi kulikuwa na chenye herufi B. Tofauti kati ya kipimo cha kawaida na kile kirefu au kifupi ilikuwa nusu inchi. Herufi hiyo ndogo, iliyopigwa kwenye mti, ni miongoni mwa alama chache za silaha ya kikoloni zinazoeleza umbo la mwili wa mtu aliyekabidhiwa.

Kikosi cha King's African Rifles, ambacho kwa Kiswahili cha askari kiliitwa Keya, kiliundwa tarehe 1 Januari 1902, na bunduki zake zilisafiri katika hali za hewa zinazopingana vikali. Kombania iliyokuwa Lamu au Mombasa, ambako hewa imejaa unyevu wa bahari, iliweza kuhamishiwa Turkana au mpaka wa kaskazini, ambako mti hunyonywa maji hadi skrubu zikalegea zenyewe. Kisha mwaka 1944 askari wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki walijikuta katika bonde la Kabaw huko Burma, chini ya mvua za masika zilizoufanya mti uvimbe, ukausukuma mtutu upande mmoja na kuharibu shabaha. Kwa sababu hiyo mti wa bunduki ya jeshi haukupakwa vanishi. Vanishi hukaa juu ya mbao kama ngozi ya pili, na ikikwaruzwa mahali pamoja maji hupenya hapo na kubaki chini yake. Jeshi lilitumia mafuta ya kitani, yaani mafuta yanayokamuliwa kutoka mbegu za mmea wa kitani ambao shina lake hutoa nyuzi za kufumia nguo, na vipande vipya vya mti vililowekwa ndani ya mafuta hayo kiwandani. Mafuta ya kitani hayakauki kwa kuyeyuka hewani kama maji au petroli, bali hushikana na oksijeni ya hewa na kugeuka utando mgumu ndani ya vinyweleo vya mbao, ndiyo maana hupakwa kidogo kidogo na kurudiwa kila yanapochakaa.

Hapa inafaa kutajwa, ingawa ni kandokando ya mada, kwamba nyanda za juu za Kenya zenyewe ziliwahi kupandwa kitani kwa pupa. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali ya kikoloni iligawa ardhi kwa maofisa wa zamani wa Kiingereza katika mpango wa mwaka 1919, na wengi wao, wakivutiwa na bei ya nyuzi iliyokuwa imepanda sana, walipanda kitani karibu kila mahali palipokubali. Bei ilipoporomoka mara baada ya hapo, baadhi yao walifilisika kabla reli haijafika Eldoret mwaka 1924. Zao lililokusudiwa lilikuwa nyuzi wala si mafuta, lakini ni kinaya cha historia kwamba mmea uliotoa dawa ya vitako vya askari uliwaangusha wale waliopewa ardhi kama zawadi ya kuwa askari.

Kurudisha sura ya mti uliochakaa ni kazi inayodai subira kuliko nguvu, na hatua yake ya kwanza ndiyo inayoharibu bunduki nyingi. Katika Lee-Enfield za zamani, ncha ya ile bolti ndefu ya kitako ni ya pembe nne, nayo hutokeza mbele ya soketi na kuingia katika kibamba cha chuma kilichowekwa mwishoni mwa mti wa mbele, ili bolti isijizungushe yenyewe na kulegea. Fundi asiyejua hilo, ambaye hufungua kifuniko cha nyuma na kuanza kuzungusha bolti kwa bisibisi ndefu kabla ya kuuondoa mti wa mbele, huzungusha chuma cha pembe nne ndani ya mbao na kuupasua mti huo vipande viwili. Kanuni ni kuvua kwanza mti wa mbele, na fundi wa silaha wa jeshi alifundishwa hivyo tangu mwanzo.

Mti ukishavuliwa, adui mkubwa huwa si ukavu bali mafuta yasiyofaa. Mafuta ya madini yanayopakwa kwenye chuma kukinga kutu hutiririka taratibu hadi kwenye shingo na nyuma ya kifyatulio, na kwa kuwa hayakauki kamwe, huifanya mbao iwe nyeusi na laini hadi ile mishikano inayopokea teke ikabonyea. Njia ya kuyatoa ni kupaka uji mzito wa unga wa chaki na kiyeyushi, kuuacha mti mahali penye joto ili mafuta yapande juu na kunyonywa na chaki, kisha kuukwangua na kurudia mpaka chaki ibaki nyeupe. Mibonyeo huinuliwa kwa mvuke: kitambaa chenye maji huwekwa juu ya mbonyeo, pasi ya moto ikaguswa juu yake, na nyuzi zilizogandamizwa lakini hazijakatwa hunywa mvuke zikavimba na kurudi mahali pake. Nyufa hutiwa gundi na kupigiliwa vijiti vya mbao, na palipooza hukatwa kwa patasi na kupachikwa kiraka cha mti wa aina ileile chenye mwelekeo uleule wa nyuzi. Viraka vya mafundi wa jeshi vya namna hiyo, vilivyokatwa kwa ustadi na kuachwa vionekane bila aibu, ni ushahidi bora wa kazi ya karakana kuliko maandishi mengi ya ofisi.

Msasa ndio kifaa cha kuogopwa. Seremala wa samani, aliyezoea kulainisha meza mpaka ing'ae, huona alama zote za juu kuwa uchafu, na kwa dakika chache za msasa huondoa herufi ya kipimo, mihuri ya wakaguzi na namba za kikosi, tena huuteremsha mti chini ya usawa wa chuma kinachoupakana, kosa ambalo halina marekebisho. Wakusanyaji wa silaha za kale wa Ulaya na Amerika wamelalamikia uharibifu huo kwa miongo mingi, na hoja yao ni sahihi, ingawa mara nyingine huiongeza chumvi kwa kuuabudu hata uchafu. Tahadhari nyingine ni ya usalama: vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani vikirundikwa pamoja hutoa joto vyenyewe kadiri mafuta yanavyoshikana na oksijeni, na huweza kuwaka moto bila cheche yoyote, hivyo hutandazwa vikauke kimoja kimoja au hulowekwa majini.

Vita vya Pili vya Dunia vilibadilisha pia mti wenyewe. Mjozi wa kutosha haukupatikana, na viwanda vilivyotengeneza Lee-Enfield Namba 4, vikiwemo vya Long Branch nchini Kanada na Savage nchini Marekani, vilitumia miti mingine migumu ya nchi za baridi, hasa bachi (birch) na bichi (beech), ambayo rangi yake ni ya manjano hafifu na hupakwa rangi ili ifanane na mjozi. Ndiyo maana bunduki zilizofika Afrika Mashariki baada ya vita zilikuwa na vitako vya rangi mbalimbali, mara nyingine kipande cha nyuma kikiwa chekundu na cha mbele kikiwa cha asali, kwani karakana ilitumia kipande kilichopo.

Hali ya hatari ilipotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, mbao ilionekana katika upande wa pili wa vita. Wapiganaji wa Mau Mau walikuwa na bunduki chache za kiwandani, na mafundi wao walitengeneza nyingine kwa bomba la maji kama mtutu, komeo la mlango kama bolti, na ukanda wa mpira wa gurudumu kama springi ya kusukuma pini. Chuma cha silaha hizo kilikuwa hafifu na mara nyingine kilimdhuru mwenye kufyatua zaidi ya adui, lakini kitako kilichongwa kwa uangalifu wa kushangaza, kikafuata umbo la bunduki ya serikali, kwa kuwa silaha iliyoonekana kwa mbali kama bunduki halisi ilikuwa na kazi hata kabla ya kufyatuliwa. Miongo miwili baadaye, Wakaramoja wa Uganda walifanya jambo linalofanana na hilo kwa bunduki walizoziita amatida, zilizoundwa kwa mabomba ya chuma, kabla ya mwaka 1979 ambapo ghala la silaha la Moroto lilivunjwa baada ya kuanguka kwa Idi Amin na maelfu ya bunduki za kisasa zikatapakaa hadi upande wa Kenya.

Baada ya uhuru Lee-Enfield haikutoweka mara moja. Jeshi lilihamia silaha mpya, lakini bunduki za Namba 4, zinazoitwa Mark 4 katika mazungumzo ya kila siku, ziliendelea kukabidhiwa askari wa akiba wa polisi, kikosi cha raia wa kujitolea kilichoanzishwa mwaka 1948 na kilichotegemewa hasa katika maeneo ya wafugaji kama Turkana, Baringo, Pokot Magharibi na bonde la Kerio, ambalo liko chini tu ya ukingo wa uwanda wa Eldoret. Katika mikono hiyo, mbali na karakana yoyote, kitako kilirudi kutunzwa kwa njia za zamani, yaani kwa ngozi, kwa waya na kwa mafuta yaliyopatikana nyumbani.

Zama za mti sasa zimepita katika upande wa utengenezaji. Bunduki aina ya G3 ilipokea kitako cha plastiki mapema, na kiwanda cha bunduki kilichofunguliwa Ruiru mwezi Aprili 2021, kikiwa na uwezo wa kutengeneza bunduki 12,000 kwa mwaka, hakina haja ya seremala. Silaha haramu zinapoteketezwa, kama zile 5,250 zilizochomwa Ngong tarehe 15 Novemba 2016, mbao ndiyo inayoulisha moto, na chuma hubaki.

Kwa upande wa sheria, ujuzi wa kuutengeneza mti wa bunduki umebanwa pembamba. Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, inamtaka yeyote anayekarabati silaha kwa njia ya biashara awe amesajiliwa kama mfanyabiashara wa silaha, na haitofautishi kati ya anayegusa mtutu na anayegusa ubao. Seremala wa West Indies au Langas, ambaye patasi, randa na mafuta yake vingeweza kuifanya kazi hiyo barabara, hana ruhusa ya kuipokea bunduki ya jirani yake hata kama jirani huyo ana leseni halali, na mwenye leseni analazimika kuipeleka kwa mfanyabiashara aliyesajiliwa. Mpaka huo uliwekwa na utawala wa kikoloni katika miaka ya hali ya hatari, wakati ambapo fundi wa mbao mwenye uwezo wa kuchonga kitako alikuwa, machoni mwa polisi, nusu ya kiwanda cha silaha.